Mwenye Funguo

Unaniuliza, dada Wiesława, kwa barua ya kurasa tatu,
ni chuo gani hicho kisicho na sheria wala udaktari,
na Jagna wangu atakula nini, rangi?
Sina shahada ya kukujibu.
Nina funguo mia moja na nne
na zamu ya usiku tangu kiwanda kilipokufa.

Ni pale pale, unapakumbuka.
Hapa Lodz, ghorofa ya tatu, mama alisimama miaka thelathini
mbele ya mashine ya pamba,
akirudi nyumbani na nyuzi kwenye kope
na masikio yaliyosikia nusu tu ya majina yetu.
Sakafu bado ina madoa ya mafuta.
Juu yake sasa kuna vitanda vya mfumi kumi na viwili,
na hakuna anayepiga king'ora,
lakini saa nane usiku taa inawaka.

Napanda kuizima.
Namkuta Bronisław wa uchongaji,
plasta hadi kwenye nyusi,
ameshika mguu wa farasi uliovunjika mara ya tano.
Namwambia, nenda kalale, farasi hana haraka.
Anacheka: "Ule wa nne ulikatikia gotini, bwana Zdzisław.
Huu umekatikia kwenye kwato. Nakaribia."

Dada, sisi tulisoma shule ambako kosa lilikuwa fimbo.
Hapa kosa linapewa rafu, linaandikiwa tarehe,
na mwalimu huja akalizunguka polepole, miwani mkononi,
kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala.

Sikudanganyi, wapo wanaolia kwenye ngazi.
Udongo mweupe ni ghali, majira ya baridi ni marefu,
na kuna usiku nilimpa binti mmoja supu yangu
kwa sababu kazi yake ya miezi minne
ilipasuka tanurini kwa mlio mmoja, pa!
Hakuondoka. Kesho yake wenzake sita, bila kuitwa,
walikuja kuukanda udongo naye.

Ngoja nikueleze la Jagna.
Alikuwa na filamu fupi, dakika saba, michoro ya mkono,
mwanamke anatembea kwenye theluji, basi.
Akatafuta sauti ya moyo wake huyo mwanamke.
Akajaribu ngoma, akajaribu ngumi juu ya mto.
Mwisho akatoka chumba cha giza, akavuka ukumbi,
bila kibali, bila barua, hatua arobaini tu (nimezihesabu),
akawakuta wafumaji wakipitisha mshindio katika mtande.
Akaweka kinasa sauti chini ya kitanda.

Walionyesha Ijumaa.
Nilikaa nyuma, karibu na mlango, na funguo mapajani.
Theluji ikaanza kushuka, kisha ile sauti,
taka-tak, taka-tak,
nami nikajikuta nimeziba masikio kwa viganja,
hivi, kama mama mezani siku za Jumapili.
Jagna hakumwona mama hata mara moja.
Nani alimwambia?
Mimi sikumwambia. Labda nyumba ilimwambia,
labda ndiyo maana ya kuwaweka wote chini ya paa moja,
wa uzi, wa chuma, wa sauti, wa mwanga,
mmoja akikosa neno, jirani analo, na hajui kwamba analo.

Kwa hiyo, atakula nini? Sijui.
Mama alikula pamba, nasi tukamzika bado ana njaa.

Kanuni inataka nifunge milango yote saa nne.
Nafunga mia moja na tatu.

Njoo mwezi wa sita, kuna maonyesho, uliza mwenye funguo.
Na ule mkasi wa mama wa kukatia nyuzi,
ulio kwenye droo yako, chini ya vitambaa,
uje nao.
Usiunoe.
Jagna anataka kusikia jinsi ulivyo butu.